Jani la Pili

Jina lenyewe uongo mtupu, Idwal:
si jino, si mbwa, wala si urujuani.
Ni wa ukoo wa yungiyungi. Nimeligundua hilo
kwa kioo cha kukuzia cha baba
na magoti yote mawili matopeni.

Ila tunguu lake, haya, nakubali.
Nilifukua moja mwezi wa kumi, jembe liliponiteleza:
jeupe, jembamba, limechongoka
kama lile jino la chonge la Pero
lililobaki gotini mwa mtu wa posta,
ukalitunza katika kikebe cha tumbaku.
Nikalirudisha upesi, shubiri moja chini,
maana halina ganda la kujisitiri kama kitunguu cha jikoni,
na upepo kidogo tu hulinyausha.

Vibao vyako havisemi kitu tena.
Mvua ya Meirionnydd imelamba penseli,
konokono wamemalizia masalio,
na daftari lako lina mwandiko wa daktari wa mifugo,
ambaye ndiye ulikuwa.
Basi najifunza kuwatambua kwa sura,
kama mwalimu mgeni darasani.

Huyu wa waridi, mfupi, majani yenye mabaka
kama chai iliyomwagikia kitambaa cha kijani:
namwinua kidevu, nachungulia,
chavua yake samawati iliyokolea. Wa Ulaya.
Jirani yake wamefanana kama ndugu,
ila chavua ni njano. Katoka Siberia,
huja theluji ikiwa bado inaaga.
Yule mrefu wa manjano, shina moja maua manne,
hana siri: chotara wa dukani, humea hata kwa mvivu.
Ulimdharau. Mimi nampenda.

Asubuhi wote wamefumba. Hukuniambia hilo.
Nilidhani baridi imewaua,
hata saa tano, jua lilipovuka bega la mlima,
wakaachia mmoja mmoja,
petali zimerushwa nyuma ya masikio.

Halafu kuna kitalu cha nyuma ya banda, chini ya mtofaa.
Miaka sita sasa.
Mbegu ulizitia mwenyewe, mwezi ule
Dokta Prydderch alipokushauri uandike wosia.
Nilikuona dirishani: koti juu ya nguo za kulalia,
unanyunyiza kwa vidole viwili kama mtu atiaye chumvi,
nikakufokea uingie ndani.
Picha ninayo. Na sauti yangu imo.

Mwaka wa kwanza, jani moja, kama unywele wa farasi.
Wa pili, jani moja.
Wa tatu nilikwenda na kijembe, nikidhani ni magugu,
Gethin wa jirani akanishika mkono:
"Mwenye jani moja bado mtoto, Bibi Eluned.
Hachanui mpaka apate la pili."
"Nani kakwambia?"
"Daktari."

Mbegu nyingine sisimizi walizihamisha,
kwa uroho wa kile kinofu cha mafuta mkiani mwake,
hadi kwenye ufa wa ngazi.
Huko nako, jani moja.
Na kila mwezi wa sita yote hutoweka, kama hayakuwahi kuwapo.
Nikazungusha kamba,
nisije nikalima nisichokiona.

Mwaka huu, tarehe tisa Aprili, majani mawili.
Katikati yake, kichwa kimeinama.

Ukurasa wako niliusoma kwa taabu, Gethin kashika tochi:
"Waridi. Hakuna shaka yoyote."

Tukangoja saa tano.
Jua likavuka. Nikapiga magoti, naye akapiga.

Njano, Idwal.
Njano kama kiini cha yai la bata.
Ulikosea, wewe usiyekosea,
nami nimekaa miaka sita
bila mtu wa kumwambia hivyo.

Nimekata kibao cha bati. Nimechora kwa msumari,
mvua ilambe itakavyo:
jina lako, mwaka uliopanda,
na rangi, kwa herufi kubwa.